Kikombe cha Bibi Eudocia

Kila asubuhi, kabla ya kuchoma ndizi, Zulmira alichemsha gome la ukucha wa paka, mmea utambaao katika misitu inayouzunguka mji wao wa Pucallpa. Maji yakishakuwa mekundu kama matofali, alimpelekea bibi yake, Eudocia, aliyesumbuliwa na magoti tangu zamani.

Wiki moja mvua haikukatika. Zulmira naye alikuwa akichechemea. Goti lake la kulia lilivimba kwa kuruka mazoezini, na Jumamosi wangecheza voliboli na wasichana wa bandarini. Mwalimu Segundo angejua, angemtoa kwenye timu.

"Shoga, si mna dawa nyumbani?" rafiki yake Maricielo alimnong'oneza darasani. "Kunywa!"

"Ya bibi hiyo. Mimi bado mdogo."

"Acha uoga! Majani na magome tu hayo, si sumu. Au unataka acheze Nelith, ambaye mpira unamkimbia kama kuku?"

Maneno hayo yalimchoma. Kuanzia kesho yake alizidisha gome, akanywa kikombe chake jikoni kwa siri. Kilikuwa kichungu. Lakini goti likatulia kidogo, naye akaendelea kuruka.

Jumamosi, katikati ya mchezo, aliruka kuupiga mpira. Alipotua, goti lilikataa. Akaanguka kwenye saruji iliyolowa, akilia.

Kule zahanatini, muuguzi Hermelinda alimpima, kisha akamwuliza alichokuwa akitumia.

"Gome la bibi," alijibu Zulmira, macho chini.

"Nani alikuruhusu?"

Zulmira alitikisa kichwa.

"Mwanangu, mmea ule una nguvu, ndiyo maana watu wanaunywa. Ila hatujui vizuri unafanya nini kwenye mwili unaokua. Goti lilitaka kupimwa na kupumzishwa. Sasa hutacheza mpaka mwakani."

Jezi yake akaivaa Nelith.

Jioni bibi alimkandia goti kwa kitambaa cha maji baridi. Mwishowe akavuta pumzi.

"Mjukuu wangu, maumivu ni mbwa anayebweka. Wewe ulimfunga mdomo, mwizi akaingia. Goti langu limechakaa, na daktari wangu anajua ninachokunywa. Lako ndiyo kwanza linakua. Dawa ya mzee si ya mtoto, hata kama imeota msituni. Ukiumwa, sema."

"Nitasema, bibi."

Asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha. Zulmira alichechemea hadi jikoni, akachemsha gome, akamimina kikombe kimoja tu.