Dakika ya Kumi na Mbili

Kavugho, rafiki yangu wa Kisangani, alinielezea jambo hili mara moja tu. Anapanga video za arusi na matanga, kukata na kuunga picha, kwa programu ya wizi, maana ile ya kweli inalipiwa kila mwezi, na bei yake inakula nusu ya kodi ya nyumba.

Video ya matanga aliyopiga mtaa wa Lubunga ilikwama dakika ya kumi na mbili. Alizima, akawasha, ikakwama palepale. Akaenda kuomba msaada kwa Micheline, mpanga video mwenzake, yule anayelipia programu bila kulalamika na anayemnyang'anya wateja.

Chumbani kwake mlikuwa na giza, mapazia yameshushwa. Micheline akavaa écouteurs masikioni, akafungua video. Ikapita dakika ya kumi na mbili kama maji. Wivu ukamchoma Kavugho, akawaza kimya: "Micheline ukufe, wateja wanirudilie."

Micheline akasimamisha video, akavua écouteurs polepole.

"Dada, hii matanga ulipiga siku gani?"

"Jumapili iliyopita."

"Alors, sikiliza."

Kavugho akavaa. Wanawake walikuwa wakilia, kisha vilio vikakatika vyote pamoja. Ikabaki pumzi karibu na mikro ya kamera, halafu sauti ya Kavugho mwenyewe, taratibu: "Micheline ukufe, wateja wanirudilie."