Nilimzika Baba kwenye Fomu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi moja: kumbebea baba sanduku lake la kazi hadi kibandani kwake, kona ya soko. Yeye alibeba benchi begani, mimi sanduku lenye nyundo, gundi, uzi wa nailoni na msharasi, ile sindano nene ya kutobolea soli. Baba yangu ni fundi viatu.

"Profesa, usililaze sanduku, gundi itamwagika," aliniambia kila siku, na kila siku nilikuwa sijalilaza. Jina hilo alinipa nikiwa darasa la pili, nilipomnasa mteja aliyetaka kumpunja chenji. Shuleni nilikuwa na jina jingine. Wenzangu waliniita Binti Soli. Nilicheka pamoja nao, lakini liliniuma, na nilishukuru kwamba tulitoka nyumbani mapema, kabla wao hawajaanza kupita sokoni.

Muhula wa pili ulipokaribia kwisha, mwalimu wa sayansi alituita ofisini mimi na rafiki yangu Miwani. Miwani alifiwa na wazazi wote wawili akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake. Tulikaa dawati moja tangu darasa la tatu.

"Mmechaguliwa kwenda kambi ya masomo ya likizo," mwalimu alisema. "Wiki tatu, chuo kikuu, kwenye maabara za kweli."

Tulirukaruka mpaka tulipoiona ada. Ilizidi kodi ya nyumba yetu ya miezi minne.

"Msishtuke. Upo mfuko wa ufadhili. Jazeni fomu hizi kwa ukweli mzirudishe Ijumaa. Mkikwama, njooni kwangu."

Nilikwama, lakini sikwenda kwake. Mtaani kwetu fomu za kila aina, za hospitali, za kitambulisho, za kazi, hujazwa kwa mwenye duka la fotokopi. Tulimwita Wakili, ingawa aliwahi kuingia mahakamani mara moja tu, na mara hiyo alikuwa mshtakiwa.

"Baba yupo?" Wakili aliniuliza.

"Yupo."

"Kazi yake?"

"Fundi viatu."

Akabinua mdomo. "Hapo kuna kazi, binti. Mwenye baba ataambiwa akaombe kwa baba yake. Andika baba amefariki. Yatima harudi mikono mitupu."

Ningeweza kuichukua fomu yangu nikaondoka. Sikuondoka. Niligundua kwamba nikiweka alama penye "amefariki", sitalazimika kuandika "fundi viatu" mahali popote. Nilisikia nafuu, na mpaka leo nafuu ile inanitia aibu kuliko uongo wenyewe.

Fomu ilitaka tarehe ya kifo. "Weka yoyote," Wakili alisema, macho yakiwa kwenye mashine. Tarehe iliyonijia ilikuwa moja tu, siku ile ya mwaka uliopita baba alipolazwa kwa malaria na mama akatuambia tumwombee. Nikaiandika. Kisha nikaiga sahihi ya mama, nikaweka namba ya simu ya nyumbani. Tulikuwa na simu moja. Betri yake ilikuwa imechoka, kwa hiyo ilishinda rafuni kwenye chaja, na mara nyingi mimi ndiye niliyeipokea. Nilijiona nimepanga vizuri.

Jumamosi moja mvua ilimrudisha baba nyumbani mapema. Mama alikuwa kazini zahanati, anakosafisha vyumba. Mimi nilikuwa mlangoni naosha vyombo simu ilipolia. Baba akaipokea. Ilikuwa mbovu, haisikiki mpaka ufungue spika, kwa hiyo nami nilisikia kila neno.

"Naomba kuongea na mama wa mwanafunzi," ilisema sauti ya mwanamke.

"Yuko kazini. Nani mwenzangu?"

"Napiga kutoka ofisi ya ufadhili wa kambi ya masomo. Kwanza poleni sana kwa msiba wa baba wa mtoto."

Baba alinitazama. Niliinamia sahani niliyokwisha kuiosha, nikaiosha tena.

"Alifariki lini?" baba aliuliza polepole.

"Fomu inasema tarehe kumi na tisa, mwezi wa nne, mwaka jana. Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye marehemu, dada," baba alisema. "Siku hiyo nilikuwa nimelazwa. Huyo aliyeandika alilala sakafuni chini ya kitanda changu, wauguzi wakamfukuza akakataa kutoka."

Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Aliirudisha simu rafuni, akauliza, "Nani alikufundisha?"

"Wakili."

"Ndiye aliyeshika kalamu?"

"Hapana, baba."

"Haya."

Alitoka kurudi kazini, mvua ikiwa bado inanyesha, akaliacha sanduku. Nikamkimbilia nalo. Alilipokea mkononi mwangu bila kuniita Profesa.

Jumatatu mwalimu aliniambia jina langu limefutwa. Nilikuwa nimeshalitarajia hilo. Nisilolitarajia ni kwamba ofisi sasa haikuiamini fomu yoyote ya yatima kutoka shule yetu. Mwanzo neno la mwalimu lilitosha. Sasa Miwani alitakiwa kupeleka vyeti vya vifo vya wazazi wake kabla ya Jumatano jioni, la sivyo naye anafutwa. Vyeti hivyo vilikuwa vimepotea zamani, walipohama nyumba.

Bibi yake alikuja kwetu jioni hiyo. Aliketi mlangoni, akahema, magoti yake yakimsumbua.

"Njia ya mwongo ni fupi, nilifundishwa hivyo," alisema, akinitazama usoni. "Mbona basi anayechoka kuitembea ni mimi?"

Baba ndiye aliyejibu. "Mama, kesho nitakwenda nawe."

Alifunga kibanda siku mbili. Walipanga foleni kwenye ofisi ya kumbukumbu za vizazi na vifo, wakaambiwa njooni kesho, wakarudi kesho yake alfajiri. Nakala zilifika ofisi ya ufadhili Jumatano, saa moja kabla haijafungwa. Siku mbili hizo hatukupata hata senti ya kibandani, na mama hakunisemesha ila kunituma.

Jioni ya kuamkia safari ya Miwani, baba alimshonea soli mpya bila malipo. Nilishika kiatu, yeye akapitisha uzi. "Shika vizuri," alisema. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya jioni nzima.

Miwani aliporudi, alinieleza jambo moja tu, tukiwa tumesimama. "Kwenye kitanda jirani na changu alilala binti wa mlinzi wa usiku. Baba na mama wote wapo. Alilipiwa kila kitu, hata sabuni. Aliandika tu kazi ya baba yake na mshahara wake." Kisha akaenda kukaa dawati jingine. Anaitikia salamu yangu hadi leo, lakini hajarudi.

Mwaka uliofuata nilimwendea mwalimu mwenyewe, nikaomba fomu. Aliwasiliana na ofisi. Walikubali kwa sharti kwamba mzazi aijaze pamoja nami na kuipeleka kwa mkono wake.

Tuliijaza kibandani, mchana, wakati wanafunzi wakipita. Baba alijifuta gundi vidoleni.

"Soma kwa sauti."

"Baba: yu hai, au amefariki."

"Weka alama."

Nikaweka penye "yu hai". Kwenye kazi nikaandika FUNDI VIATU kwa herufi kubwa. Nyuma yangu kuna aliyeita "Binti Soli!" na wengine wakacheka. Sikugeuka. Kisha baba akanitajia kipato chake cha mwezi, nikamtazama nikidhani anatania. Sikujua kwamba ni kidogo hivyo, na kwamba nilisomeshwa kwa hicho.

"Ndicho hicho, andika," alisema. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Umaskini huu uliouonea haya ndio uliokuwa tiketi yako. Ungeusema kama ulivyo, ungekwenda mwaka jana. Ukauficha, ukanizika mimi, nusura umzuie na mwenzako mwenye msiba wa kweli. Mtu akihitaji msaada aseme shida yake, asiazime ya jirani."

Barua ilikuja baada ya mwezi mmoja. Ada yote imelipwa.

Asubuhi ya safari, baba alibeba begi langu pamoja na benchi, mimi nikabeba sanduku hadi kibandani. Nikamkabidhi.

"Sijalilaza, baba."

"Najua. Nenda salama, mwanangu."

Nilisimama kidogo, nikingoja aniite Profesa. Akainama, akaanza kupanga vifaa vyake. Nikachukua begi langu nikaenda.