Siku Tatu Bila Kupima

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, nilishuka ufukoni hapa Lweba nikiwa na ndoo mkononi na daftari kwapani. Ndoo ilikuwa ya mama, daftari lilikuwa la Mwalimu Nicolas. Nilikwenda kwenye nguzo ambayo wavuvi hufungia mitumbwi yao, nikasubiri wimbi lipite, nikaangalia maji yamegusa alama ipi, nikaandika. Kisha nilijaza ndoo na kupanda nyumbani, huku nikiwasalimia akina mama waliokuwa wakianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, juu ya mchanga.

Kazi hiyo nilipewa mwezi wa kwanza, nikiwa mwaka wa sita wa shule ya msingi. Mwalimu alichora alama nyekundu kwenye nguzo, sentimita kwa sentimita, kuanzia kwenye rundo la mawe lililoishikilia chini. Siku ya kwanza maji yaligusa arobaini.

“Arlette,” aliniambia, “we unaamka mapema, na unaandika muzuri. Hii ziwa ni we utakuwa unaisoma.”

Nilivimba kichwa wiki nzima. Hata mdogo wangu Dany alichoka kunisikia.

Haikuwa kazi ya mchezo. Mwaka ule maji ya Ziwa Tanganyika yalikuwa gumzo la kila nyumba. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, mbali kule Kalemie. Wengine kijijini walisema mlango huo umejaa mchanga na majani, basi uchimbwe ili maji yapungue. Wengine, hasa wavuvi, walisema ukichimbwa ovyo maji yatashuka kupita kiasi na mitumbwi itabaki kwenye tope. Mkutano wa vijiji vya pwani ulikuwa umepangwa kufanyika mjini Baraka, na Lweba ilitakiwa kupeleka neno lake.

Mwezi wa tatu, nzango ikatuingia vichwani. Kama huijui nzango, nakuhurumia. Wasichana wawili wanasimama wakitazamana, wanaruka na kutupa mguu, na wenzao wanaimba na kupiga makofi. Rafiki yangu Merveille alikuwa fundi wa nzango, na mimi nilikuwa nimeapa kumshinda. Basi asubuhi tatu mfululizo nilimwachia Dany ndoo, nikaenda moja kwa moja uwanjani. Darasani niliandika namba ya siku iliyotangulia: sitini na moja, sitini na moja, sitini na moja. Kumshinda Merveille sikumshinda.

Siku ya nne nilirudi ufukoni. Nguzo haikuwa mahali pake. Ilikuwa imesogezwa upande wa nchi kavu, karibu na jiwe ambalo akina mama hufulia nguo, na maji yaligusa arobaini na nne tu. Nilielewa papo hapo kwamba wavuvi walikuwa wameihamisha. Lakini nikisema, mwalimu atauliza ilihamishwa siku gani, na hapo nitajibu nini? Nikaandika arobaini na nne, nikafunga daftari. Mwezi wa nne maji yalipofika sitini, wakaihamisha tena. Mara ile nilijua siku na nilijua saa, lakini uongo wa kwanza ulikuwa umenifunga mdomo.

Mkutano wa kijiji ulifanyika Jumamosi moja ya mwezi wa tano, katika uwanja wa kanisa. Shefu wa kijiji alitaka mambo mawili yaamuliwe: barua ya kupeleka Baraka, na ombi la Mama Rosette, mama yake Merveille, ambaye nyumba yake ndiyo ilikuwa ya chini kuliko zote.

Mama Rosette alisimama, akaonyesha shule kule kilimani. “Mi naomba kiwanja kule juu, nyuma ya masomo. Mayi iko inakuya. Mwezi ya kwanza nilikuwa natembea hatua makumi tatu toka kwa mulango mpaka kwenye mayi. Leo ni hatua tisa. Niko na batoto bane mule ndani.”

Papa Eugène, mkubwa wa wavuvi, aliinuka akiwa na daftari langu mkononi. “Mama, woga yako haiwezi kutuandikia barua. Daftari ya masomo iko hapa. Mayi inafika sitini na moja, inarudi arobaini na ine. Inafika sitini, inarudi arobaini na tano. Ziwa iko inapumua tu! Barua iseme Lweba iko muzuri, bantu bakae kwenye manyumba yabo, na Lukuga basiiguse.”

Watu walicheka na kuitikia. Shefu alishika kalamu. Mwalimu Nicolas alikuwa amekunja uso, akihesabu kitu kichwani.

Merveille alikuwa amekaa kando yangu. Aliniangalia bila kuniomba chochote. Kisha akainama kwa mama yake na kumnong'oneza, “Mama, kama Arlette aliandika, basi iko kweli.”

Maneno hayo yalinichoma kuliko fimbo. Nilisimama.

“Shefu, naomba musamaha,” nilisema. “Daftari haiko kweli. Nguzo ilisogezwa mara mbili, mi niliona nikanyamaza. Na siku tatu za mwezi ya tatu sikupima. Nilikuwa kwenye nzango. Ile namba nilitunga.”

Mama yangu, Mama Constance, alijifunika mdomo kwa kitenge. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndipo Mama Marthe, mkubwa wa akina mama wa ndagala, alipogeuka taratibu. “Papa Eugène, ile nguzo, ni nani aliisogeza?”

“Si ni siye bavuvi.”

“Kwa nini muliisogeza?”

“Juu mayi ilikuwa inazidi! Muntu anaenda kufunga mutumbwi, mayi inamufika kwenye…” Papa Eugène alikomea hapo. Mkono wake ulikuwa umeshafika kifuani kuonyesha mahali.

Kicheko kilipasuka uwanja mzima, na Papa Eugène mwenyewe akacheka mpaka akapangusa macho. “Kumbe ni mi mwenyewe nilikuwa nakimbia mayi, tena nasema haiko!”

Tulishuka ufukoni sote. Wavuvi wakihamisha nguzo, mawe ya zamani huyaacha hukohuko, kwa hiyo rundo la kwanza lilikuwa bado pale chini ya maji. Papa Eugène aliingia ziwani na nguo zake, akalitafuta kwa miguu, akasimamisha juu yake fimbo ndefu ambayo mwalimu alikuwa ameichora sentimita. Mwalimu alisoma kwa sauti ili kila mtu asikie: tisini na tano. Ziwa lilikuwa limepanda sentimita hamsini na tano tangu mwezi wa kwanza. Hakuna aliyecheka tena.

Siku ileile Mama Rosette alipewa kiwanja nyuma ya shule. Papa Eugène na wavuvi wake ndio waliobeba miti na mabati kupandisha kilimani, na kila aliyekuwa amemcheka yule mama alileta angalau tope la kukandika ukuta. Wiki tatu baadaye, siku ya upepo mkali, maji yaliingia katika nyumba ya zamani, yakafika magotini. Hayakukuta mtu wala sufuria. Nilipoona wimbi likitoka mlangoni mwa chumba ambamo Merveille alikuwa akilala, nilimshukuru Mungu kwa sauti, hapohapo ufukoni, mbele za watu.

Jumatatu baada ya mkutano nilikuwa nimemfuata Mwalimu Nicolas nikiwa tayari kwa adhabu. Alinipa kalamu nyekundu. Pale kwenye siku zile tatu nilifuta namba za uongo na kuandika “sikupima”. Pale nguzo ilipohama niliandika “nguzo imesogezwa”. Halafu alinitazama na kusema, “Na mi nilikosa, Arlette. Nilichora alama kwenye kitu chenye kuhama, na sikushuka hata siku moja kuangalia.” Tukachora alama mpya kwenye mwamba mkubwa ambao hata wavuvi wote wa kijiji hawawezi kuusogeza.

Shefu, mwalimu na Mama Marthe walikwenda Baraka na daftari lile. Waliporudi, Mama Rosette alikuwa tayari amefika kwetu na kikapu cha ndagala. Alimwambia mama yangu, “Aksanti kwa huyu mutoto,” akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Nililia, na sikuona haya. Sikustahili shukrani ile yote, lakini niliipokea kwa mikono miwili.

Mwalimu, aliyepita kwetu njiani kutoka Baraka, alituambia kwamba vijiji vilikubaliana kuomba mlango wa Lukuga usafishwe, ila kwa kipimo, kila ufuko ukiendelea kuandika maji yake masika na kiangazi, ili wenye nyumba wasizame na wenye mitumbwi wasikwame.

“Na daftari yetu?” niliuliza. “Balisema nini juu ya ile nyekundu?”

Mwalimu alikaa kwenye kiti ambacho mama alimletea. “Vijiji vingine bilileta makaratasi safi kabisa, bila kosa hata moja. Mukubwa wa mukutano alifungua yetu, akafika kwenye ‘sikupima’, akaisoma kwa sauti mbele ya bantu bote. Halafu akasema, hii ndiyo tutaanza nayo. Unasikia, Arlette? Zile siku tatu ndizo zilifanya baamini zingine zote. Kukosa, kila muntu anakosa, hata mi. Lakini ukificha kosa yako, iko mwingine atalala ndani yake na batoto bake. Ukiisema, bantu banaweza kuitengeneza pamoja.”

Sasa kila asubuhi tunashuka wawili, Merveille na mimi. Mmoja anasoma, mwenzake anahakikisha, kisha tunaandika. Nzango tunacheza baadaye, na bado ananishinda.