Viatu vya Josie

Siku Inès alipokutana na Appolinaire, soko la Mbarara, magharibi mwa Uganda, lilikuwa limefurika watu, jua linachoma, na yeye hakuwa na hamu ya kuongea na kiumbe yeyote. Alikuwa ameajiriwa katika duka la Yonatani, kijichumba kilichobandikwa picha za filamu ukuta mzima, na kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta akiwajazia watu filamu kwenye flashi zao. Basi akaingia kijana mrefu mwenye shati la maua lililopigwa pasi vizuri na kofia pana ya ngozi, ya mitumba, imemkaa kichwani kana kwamba alizaliwa nayo.

"Mademoiselle, ile ya batu ba gitaa iko?"

"Filamu za gitaa ni nyingi. Taja jina."

"Jina sijui. Iko muke mumoja anaimbaka, iko bwana wa kofia kama hii yangu, na ng'ombe mingi sana. Kule Nakivale batu banasema nikirudi bila sehemu ya pili, batanichoma."

"Na wewe ni nani hata wakuchome?"

Kijana akavua kofia. "Minaitwa Appolinaire. Mi ndiye sauti ya bale bote. Bwana akiongea ni mimi, bibi akilia ni mimi, ng'ombe akipita pale nyuma, ni mimi."

Inès alicheka kabla hajajua kwamba anacheka. Yonatani, aliyekuwa mlangoni akipepea uso kwa boksi, aliguna. Yeye ni Munyankole, mtu wa ng'ombe wa pembe ndefu, na jambo moja katika tamthilia ile lilikuwa limemkera tangu siku ya kwanza.

"Wimbo iko mzuri, nyabo. Lakini hiyo ng'ombe gani? Pembe hapana! Mtu na kofia kubwa vile anafuga ng'ombe kama mbuzi?"

Tamthilia yenyewe ilikuwa mpya, ya Kimarekani, habari za waimbaji wa muziki wa kantri. Josie ni binti wa shamba mwenye gitaa. Wade ni mwimbaji mwenye jina na kofia. Mbarara yote ilikuwa na wazimu nayo, maana nyimbo za namna hiyo watu wamezizoea redioni Jumapili wakitoka misa, na wengine huziona ni nusu nyimbo za dini. Lakini Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, waliifanya ya kwao kabisa. Katika sehemu ya kwanza familia ya Josie inanyang'anywa shamba, wanapakia magodoro kwenye lori na kuondoka bila kugeuka nyuma. Hapo hakuna aliyehitaji kufasiriwa.

Kwingine kote katika hadithi walimhitaji Appolinaire. Pale Base Camp, katikati ya kambi, katika kibanda cha video cha Mutware, alisimama kando ya skrini na maikrofoni, akipunguza sauti ya Kiingereza na kupandisha ya kwake. Mfasiri wa kibanda haruhusiwi kunyamaza. Mwigizaji akikaa kimya, watazamaji hujiona wameibiwa, wakaanza kupiga mabenchi: "Sema! Sema!" Kwa hiyo fundi wa kazi ile hutembea na akiba ya maneno yake mwenyewe.

Akiba hiyo Appolinaire alianza kuimwaga kwenye simu.

"Allô, Josie wangu."

"Mimi si Josie. Josie ana gitaa."

"Na weye uko na mimi. Nani kati yenu amepata hasara?"

"Gitaa angalau linanyamaza likiwekwa chini."

"Basi uniweke chini, sherie. Lakini usiniweke mbali."

Kila wiki alikuja kuchukua sehemu mpya, na kila wiki alikawia dukani zaidi. Inès alimpenda. Alimpenda kwa kucheka kwake, kwa pasi ya shati lake, na kwa vile alivyomsalimia Yonatani kwa adabu hata alipotukaniwa ng'ombe wa filamu yake. Na kwa kuwa alimpenda, alishindwa kutulia. Kwa kweli hakuwa mtu wa kutulia hata kabla. Alihama mtaa wa Kamukuzi bila sababu akaenda kupanga Nyamitanga. Kanisani alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na wimbo wa mwisho ulimkuta nje. Filamu alizowauzia watu mchana kutwa, yeye hakuwahi kukaa akaangalia moja bila kuinuka.

Appolinaire alipoanza kusema habari za ndoa, Inès alimpigia simu jioni moja akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Nikuambie kitu? Hutacheka?"

"Sicheki."

"Ninalala na viatu chini ya mto, pale ninapoweka kichwa. Tangu tulipokimbia Burundi. Usiku ule nilitoka miguu mitupu, Mama akanibeba mpaka akashindwa kusimama. Toka hapo silali kama sijavigusa. Mama anadhani niliacha zamani." Akavuta pumzi. "Donc, ndiyo maana naogopa. Mwanamume gani atakubali kulala na viatu?"

Mtu wa maneno mengi alisema polepole tu, "Aksanti kwa kunielezea." Hakuongeza kitu, na kwa kule kutoongeza Inès akaamua moyoni kwamba huyu ndiye.

Jumapili iliyofuata alipanda gari kwenda Nakivale bila kumwarifu Appolinaire, nywele zimesukwa upya, amevaa kitenge cha bluu alichokuwa anakitunza. Alitaka kumwambia mama yake, Marcienne, kwamba wazee wa Kikongo, wa upande wa Appolinaire, watakuja kubisha hodi kumposa. Akamkuta Marcienne naye amejipamba: mwanamke wa maharage na jembe, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukanyaga kibanda cha video mpaka Josie alipokuja.

"Twende kwanza," alisema Marcienne. "Utaniambia tukirudi. Leo Josie anaachwa."

Wakakaa nyuma, karibu na mlango. Inès alijificha nyuma ya mgongo wa mtu, akitabasamu peke yake, akimsikiliza mchumba wake akiwa Wade, akiwa Josie, akiwa lori. Kisha Josie akaingia chumbani, akakaa kitandani, akalia. Alilia muda mrefu bila kusema neno.

"Sema, Appo! Analia nini? Sema!"

Mabenchi yakapigwa. Appolinaire alifumba macho, akasogeza maikrofoni.

"Mama," Josie akasema kwa Kiswahili cha Kivu, "mi nalalaka na viatu chini ya mto. Tangu usiku ule tulikimbia. Nilitoka miguu bure, ukanibeba mpaka ukashindwa kusimama. Nimekuwa mutu mukubwa na bado sijaviacha. Nani atanioa na viatu vyangu?"

Mwanamke mmoja mbele alianza kulia, na mwingine akamfuata. Marcienne aligeuka taratibu akamtazama binti yake usoni, kisha miguuni. Inès aliinuka akatoka mbio, na mwanga wa mlango ulipomwangukia, Appolinaire alimwona.

Appolinaire alipiga simu Inès akiwa bado juu ya bodaboda, na kupiga tena, mpaka Inès alipofika Nyamitanga akapokea.

"Inès, sherie, sikujua uko mule."

"Ningekuwa Mbarara ingekuwa sawa?"

"Batu balikuwa banapiga makelele. Jina yako sikutaja! Nilitafuta maneno, nikakosa. Yako ndiyo ilikuwa mizuri kushinda yote niliisikia."

"Yalikuwa yangu, Appolinaire. Ungeniuliza tu."

"Pardon. Kweli nimekosa."

"Usitume wazee."

Alikata simu, akakaa na hasira mpaka hasira ikageuka uchungu, na uchungu ule haukumpa usingizi.

Kilichofuata kilimwongezea uchungu. Kuanzia wiki ile wateja kutoka Nakivale walimiminika dukani. "Tupe ile ya viatu." Inès aliwajazia flashi huku ameuma meno, nao walirudi wamefura. "Si yenyewe! Humu Josie analia tu!" Yonatani aliitazama sehemu ile pua ikigusa skrini.

"Naona kitanda. Naona machozi. Viatu hapana! Hii watu ya Nakivale naona nini ambayo mimi hapana ona?"

Katika kundi la WhatsApp la wapenzi wa tamthilia, sauti zilipishana usiku na mchana. Mmoja alisema Josie avitupe viatu aolewe. Mwingine akamjibu atupe vya kwake kwanza. Kijana wa bodaboda alirekodi ujumbe mfupi, upepo ukivuma nyuma yake: "Josie ni mutu wa kwetu. Hata mi nalalaka hivyo." Inès aliusikiliza ule akasahau kuhudumia mteja. Jioni alivitoa viatu chini ya mto akaviweka uvunguni. Akavirudisha. Akavitoa tena.

Mwishowe Marcienne akapiga simu.

"Inès, mwanangu. Vile viatu vilikuwa vyako."

"Mama, mimi..."

"Nyamaza kwanza. Vyangu viko ndani ya ndoo, pale mlangoni, pamoja na kitenge na chumvi. Kila jioni navipanga. Nilikuwa nakuficha weye, ili usiishi na woga." Sauti yake ikapata kicheko. "Na Cansilde, jirani, anapanda navyo kitandani! Toka siku ile wanawake wanasimuliana. Tunacheka mpaka tunalia."

Inès alikuwa analia tayari. "Kwa hiyo unasema alifanya vizuri?"

"Sijasema hivyo. Alikosa. Hata wakati tuko ndani ya mahema tulikuwa tunabisha hodi." Marcienne akashusha pumzi. "Anapita hapa kila asubuhi. Ananisalimia toka njiani, haingii. Na pale kwa Mutware anafasiri tu yaliyosemwa, hana nyongeza. Watu wamechukia. Wanasema Josie amekuwa bubu. Mutware ameanza kutafuta mfasiri mwingine."

Appolinaire hakuja tena dukani. Flashi aliituma kwa mtu wa bodaboda. Ilipofika sehemu ya mwisho ya tamthilia, Inès aliifungua peke yake saa ya chakula, akaiangalia kwa kuchungulia, anainuka, anarudi, mpaka alipojua inavyokwisha. Akaitoa flashi kwenye kompyuta, akaitia ndani ya mkoba wake.

"Boss, ninaumwa. Naomba ruhusa."

Yonatani alitazama gauni lake jekundu, hereni, na midomo iliyopakwa rangi. "Ugonjwa yako iko mzuri sana, nyabo. Enda. Uliza bei ya ile ng'ombe."

Kibanda cha Mutware kilikuwa kimejaa hadi watu wanachungulia kwenye matundu ya turubai. Inès alimkabidhi Mutware flashi mlangoni. Appolinaire alisimama mahali pake, hana kofia, shati halina pasi. Alipomwona Inès akipita katikati ya watu na kwenda kukaa benchi la mbele kabisa, karibu na mama yake, maikrofoni ilimteleza kidogo mkononi.

Tamthilia ikaenda. Wade akamfuata Josie nyuma ya jukwaa, kofia kifuani, akamwomba waondoke wote. Josie akajibu kwa sauti ya chini, kisha akanyamaza, machozi yanamtoka.

"Sema, Appo! Amekubali?"

"Amesema hapana," Appolinaire akasema. "Anaenda kuimba peke yake. Sasa analia. Ju ya nini analia, mi sijui. Hayo ni yake."

Kibanda kikalipuka. "Mwongo! Hawezi kukataa! Mutware, toa huyu mutu, ametuharibia Josie!" Kuna aliyerusha ganda la muhogo. Mutware alikuwa ameshaanza kusogea mbele, na Appolinaire hakujitetea. Alikuwa anaiweka maikrofoni chini.

Inès akasimama. Mlango ulikuwa mbali.

"Hajadanganya. Mimi ndiye niliyeileta hii filamu. Josie amekataa."

"Na weye ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye viatu."

Aliyekuwa anatafuna akaacha. Wanawake wa benchi la mbele walimtazama, na Cansilde akaziba mdomo kwa kiganja. Marcienne alimshika binti yake upindo wa gauni, hakumvuta, alimshika tu. Inès alimgeukia Appolinaire.

"Josie ameulizwa, akakataa," alisema. "Mimi bado sijaulizwa."

Kwa mazoea Appolinaire aliinua maikrofoni mdomoni. Inès akatikisa kichwa. Appolinaire akaiweka juu ya spika, akamfuata nje huku kibanda kizima kikiguna kwa kunyimwa utamu, na Josie akibaki kwenye skrini bila mtu wa kumsemea.

Nje, nyuma ya turubai, ng'ombe wenye pembe ndefu walikuwa wanashuka ziwani, mchungaji wao ana kofia pana na fimbo mabegani. Appolinaire alisubiri wapite. Mikono yake haikujua pa kukaa.

"Inès. Ninaweza kukuuliza?"

"Hilo ni la kwanza. Umejifunza. Uliza la pili."

"Nitume bazee kwenu? Ukuwe muke wangu?"

"Na viatu?"

"Vyangu vitalala pembeni ya vyako. Siku ya kukimbia tutakimbia bote. Kama haifiki, vitazeeka pale pale."

Alikuwa analia, mwanamume aliyewalilia watu wa kwenye filamu miaka yote, na safari hii machozi yalikuwa ya kwake. Inès alimpangusa kwa kiganja.

"Ndiyo," alisema, chini chini, ili lisipite turubai.

Ndani mabenchi yalikuwa yanagongwa. "Appo! Anaimba nini? Appo!"

"Nenda ukawaambie anachoimba," Inès akasema. "Hili letu usiwaambie."

"Hata kidogo? Bataniua."

"Wakuue."

Appolinaire alirudi kwenye maikrofoni, uso umelowa, akaanza kuwafasiria wimbo wa mwisho wa Josie bila kuzidisha wala kupunguza. Watu walimwangalia yeye kuliko skrini, lakini wakasikiliza. Wanawake walisogea wakampa Inès nafasi. Akakaa, akavua viatu vyake vilivyojaa vumbi, akavisukuma chini ya benchi, na akaangalia mpaka mwisho.