Kanda Iliyokataa Kunakiliwa

Miaka ya tisini, mjomba wangu Njogu alikuwa na duka la video Emali, karibu na stesheni. Asubuhi ya kisa hiki ilikuwa ya kawaida: malori yakishusha vitunguu, mke wake Wariara akifuta vumbi kwenye rafu. Mjomba alikuwa ametoka Nairobi na kisanduku kipya. Filamu za ng'ambo ziliwekewa kufuli; ukizinakili, kopi inafifia, inang'aa, inafifia tena, hadi haitazamiki. Kisanduku hicho kikiunganishwa kati ya deki mbili za video, kufuli inatoka.

Akaingia Mbinya, mjane kutoka Matiliku, na kanda ya harusi ya binti yake. Ilikuwa imeshika ukungu, akaogopa itakatika. Alitaka kopi. Akamsihi mjomba ainakili ilivyo, asiguse kitu, kisha akaenda sokoni.

Kwenye kanda, marehemu mume wake, Muthama, alikuwa ameketi meza ya wazazi, anacheka. Mjomba akaanza kunakili. Kopi ikafifia. Ikang'aa. Ikafifia. Akashangaa. Harusi iliyopigwa video na jirani kwa kamera ya kuazima, nani aliiwekea kufuli?

Wariara alimwambia aiache. Lakini mama wa watu alikuwa ametoka mbali. Mjomba akaunganisha kisanduku.

Picha ikatulia.

Muthama akaacha kucheka. Wengine walikuwa bado wanacheza. Akageuza shingo, polepole, akawatazama mjomba na Wariara. Akasimama. Akaja mbele mpaka koti lake likafunika kioo chote. Giza. Picha iliporudi, kiti chake kilikuwa kitupu.

Mjomba akairudisha kanda yenyewe mwanzo, akaicheza. Kiti kitupu. Tangu sherehe inaanza.

Mbinya aliporudi, alitazama televisheni, akaweka kikapu chini.

"Fundi," akanong'ona, "umemfungulia?"

Ndipo akaeleza. Baada ya mazishi, Muthama alikuwa akirudi kila magharibi, anabisha mlango, anadai chakula chake. Watu wa kanisa waliomba, hakuacha. Mwishowe shemeji yake akaleta mganga kutoka upande wa Kitui, akamfungia ndani ya kanda ile. Mbinya, mama wa kanisa, aliona haya kumwambia mgeni mambo hayo. Alijua tu kwamba kanda ikikatika, atatoka. Kopi ilikuwa ya kumshikilia.

Mjomba na Wariara wakamwomba alale kwao.

"Atanitafuta tu," akasema. "Afadhali asinikute kwa watoto wenu."

Akachukua kikapu chake. Kanda akaiacha.

Kesho yake wakamfuata Matiliku. Mlango ulikuwa wazi. Mezani kulikuwa na sahani mbili, zote zimeliwa. Jirani alisema jioni alimsikia Mbinya akiongea na mtu, kwa upole, kama anayembembeleza mtoto. Hakuonekana tena, hai wala maiti.

Mjomba akafunga duka, wakahamia Kibwezi. Alipofungua deki moja aisafishe apate kuiuza, alikuta ndani udongo mwekundu, mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa leo. Akaumwaga. Asubuhi ulikuwa umerudi. Mwaka huo mvua haikuwa imenyesha Ukambani kote.

Hakuiuza. Iko stoo mpaka leo. Mwezi jana Wariara alinionyesha. Niligusa udongo, ukanilowesha kidole. Na pale kanda inapoingilia kulikuwa na mikwaruzo ya kucha.

Ilianzia ndani.