Bibi Aliyezaliwa Juzi

"Bibi yako alizaliwa mwaka gani?"

"Mke wangu, niko chini ya gari."

"Jibu tu."

"Zamani! Bibi ni bibi. Kwani kuna nini?"

Akakata simu.

Alikuwa karani wa kusajili vizazi, na hiyo ilikuwa wiki ya tatu anaingiza madaftari ya zamani kwenye kompyuta, tumbo la miezi minane likimzuia kusogea mezani. Daftari la miaka kumi na minne iliyopita lilikuwa limemchekesha asubuhi nzima. Wazazi wa mwaka ule kama waliambizana: Kiara, Kyara, Keyara, Kiyarah, kila mmoja na herufi zake. Kwenye madaftari ya nyuma yake, hakumkuta hata mmoja.

"Jina hilo lilikuja na upepo," alisema Miwani, mwenzake wa meza ya pili. "Kabla ya hapo halikuwepo. Mbona umeganda?"

Kiara ndilo jina lililochorwa begani kwa mumewe, fundi magari. Miaka mitano ya ndoa alikuwa akilibusu, maana aliambiwa ni la marehemu bibi aliyemlea. Tena ndilo alilomwekea binti aliye tumboni.

Alishuka na kidole mstari kwa mstari. Ukurasa wa arobaini na moja, mbele ya Kiara mmoja, safu ya baba: majina matatu ya mumewe, na saini yenye mkia mrefu, ileile ya cheti chao cha ndoa.

"Maji," alisema. "Nipe maji."

Kisha akaandika ujumbe: "Bibi yako nimemwona. Ana miaka kumi na minne. Njoo ofisini."

Fundi aliingia na ovaroli, grisi hadi kwenye nyusi.

"Nani kakwambia? Mama?"

"Kumbe mama mkwe naye anajua!"

Fundi akajishika mdomo. Kachelewa, maji yalishamwagika.

"Tuliachana na mama yake kabla sijakujua. Niliogopa utanikataa."

"Sikukukataa na grisi yako kwenye mashuka yangu, nikukatae kwa mtoto? Yuko wapi?"

"Kwa mama yangu. Ukija kule tunamficha kwa jirani. Jumamosi nikiaga naenda kutafuta spea..."

"Spea! Na jina lake ukaona umpe mwenziwe?"

"Wewe ndiye uliyelipenda. Ulishaanza kuliitia tumbo. Nikashindwa kurudi nyuma."

"Anajua kwamba kwangu yeye ni marehemu?"

Fundi aliinama. Machozi yakachora mistari kwenye grisi. Miwani akajifanya anatafuta kalamu.

Karani alifunga daftari kwa kishindo.

"Sikiliza. Mwanangu hamvui mwenziwe jina. Kesho unamleta huyo binti nyumbani, na aingie kwa mlango wa mbele."

"Na mimi?"

"Wewe ni wa sebuleni mpaka nijifungue. Baada ya hapo tutaona."

Kesho yake msichana alisimama mlangoni na begi la shule, nyusi zake kama za baba yake.

"Shikamoo, mama."

Karani alitaka kuwa mkali. Badala yake akamvutia kiti.

"Marahaba. Kaa hapa karibu. Huyu mdogo wako hana jina, wewe ndiye utakayempa."

"Lolote?"

"Lolote, mwanangu. Ila lisiwe la bibi."