Skafu ya Chiriku

Benchi la piano lilikuwa na joto upande wa kulia.

Nanga aliligusa tena kwa kiganja, akidhani ni jua la dirishani, lakini pazia lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Upande wa kushoto, alikokaa yeye siku zote, ubao ulikuwa baridi. Kulia ni kwa mdogo wake, na mdogo wake alikuwa kwa daktari wa meno pamoja na mama yao, na foleni ya pale haijawahi kumrudisha mtu mapema. Paka hawafugi. Sasa nani alikuwa amekaa hapo? Halafu kulikuwa na harufu ya sufu ya kondoo iliyolowana. Katika nyumba ya fundi wa piano harufu hiyo si ajabu, maana vinyundo vinavyogonga nyaya huvikwa sufu. Alijiambia kwamba unyevu umeingia, na kwamba atamwambia baba.

Hakumwambia. Jana yake alikuwa amefanya jambo mle chumbani, na hakutaka kuulizwa.

Nyumba ile ilikuwa na piano moja, benchi moja na mabinti wawili. Baba alikuwa fundi wa kukaza nyaya, mtu wa masikio, anayeweza kukuambia birika lako linaimba sauti gani. Mkubwa alianza masomo ana miaka sita, akasoma kwa bidii ya mchwa, kila siku, hata akiwa na homa. Kisha mdogo, ambaye miguu yake ilikuwa haijafika hata chini, akapanda benchi siku moja akapiga kwa kusikia tu wimbo uliomtoa dada yake jasho wiki nzima. Mama alipiga vigelegele. Baba alifuta machozi kwa kitambaa cha kazi akajipaka grisi usoni. Mkubwa naye alicheka, lakini kicheko kilimwishia menoni.

Tangu siku hiyo wakawa wanapiga vipande vya mikono minne, wamekaa bega kwa bega. Mdogo akawekwa kulia, kwenye sauti nyembamba zinazoimba, akapewa jina la Chiriku. Mkubwa akawekwa kushoto kwenye sauti nzito, pamoja na pedali, maana wakipiga wawili pedali ni ya aliye kushoto. Yeye wakamwita Nanga.

"Bila nanga meli itasimama wapi?" mwalimu wao alimpoza.

Nanga akajibu kimoyomoyo: na nani amewahi kuipigia makofi nanga? Kutwa iko chini ya maji.

Mwalimu huyo alikuwa na sharti moja lililowachekesha. Mtu akifanya mazoezi ya nusu yake peke yake, ni marufuku kuacha nafasi ya mwenzake wazi. Aweke hapo kitu cha mwenzake.

"Kwani mwalimu, benchi litaibiwa?" Chiriku aliwahi kuuliza.

"Wewe weka tu," mwalimu alisema, na hakucheka.

Basi Chiriku akaacha skafu yake ya njano pale chumbani, iwe inamshikia nafasi. Ilikaa hapo miaka na miaka. Hata mgeni akitaka kuikalia, baba alimwambia, "Samahani, hapo pana mtu."

Chuo kikubwa cha muziki kikatangaza nafasi moja. Moja tu. Mwalimu alikuja nyumbani, akanywa chai yake yote kwanza, kisha akasema atampeleka Chiriku kwenye usaili. "Nanga, wewe utamsindikiza kwenye mazoezi," alimalizia, kama anayegawa peremende. Mdogo mtu alimrukia dada yake shingoni akilia kwa furaha. Nanga alimpapasa mgongo, "Hongera, mdogo wangu, hongera sana," na huku ndani wivu unamchoma kama pilipili kwenye kidonda. Miaka yote ile! Vidole vyangu vimeota sugu, leo nimekuwa msindikizaji!

Mchana huo, watu walipotoka, aliingia peke yake akafunga mlango. Aliivuta ile skafu, akaitupa chini. Akapiga nusu yake ya kipande walichokipenda kuliko vyote, akikandamiza kama anayetwanga. Alipofika pale katikati, ambapo upande wa kushoto hunyamaza ukingoja wa kulia uimbe, akasema kwa sauti, kwa hasira tu:

"Kiti hiki hakina mwenyewe. Anayekitaka na akae."

Ikajibu sauti moja nyembamba, kule juu kabisa, laini, mahali pake hasa. Jino la piano lilishuka na kupanda bila kidole. Nanga alikimbilia jikoni, akanywa maji, akajicheka, akasema ni waya umelegea.

Hiyo ndiyo ilikuwa jana. Leo benchi lina joto, na yeye, badala ya kutoka, aliketi.

Alianza kupiga. Upande wa kulia ukaitikia. Na jamani, tuseme kweli, yule aliyekuwa pale alijua kazi. Chiriku alikuwa na tabia ya kukimbia, anaimba anavyotaka, wewe wa kushoto umfuate kama yaya. Huyu alifuata. Nanga akivuta, anavuta, Nanga akinong'ona, ananong'ona. Kwa mara ya kwanza maishani Nanga alijisikia kuwa ndiye mwenye muziki. Walipomaliza, alisikia karibu kabisa na sikio lake, kwa sauti ya mtoto aliyefinywa koo:

"Dada. Tena."

Alipiga tena. Na siku ya pili yake, na iliyofuata. Skafu akaificha ndani ya benchi, chini ya karatasi za nota.

Siku hizo hizo Chiriku akaanza kulalamika. "Baba, hebu angalia nyaya za juu, zimekatika?" Baba akaja na ufunguo wake wa kukazia, akagonga moja moja. Ziko salama. "Unazisikia?" "Sizisikii, baba. Naona tu kidole chako kinashuka." Baba akacheka akidhani ni utani wa binti yake. Asubuhi moja birika likachemka hadi likakauka mbele ya macho ya Chiriku, limepiga mluzi weee na yeye anasoma karibu nalo. Kisha akauliza mbona ndege wa uani wamehama. Hawakuwa wamehama. Daktari wa masikio alipima, akasema masikio ni mazima.

Nanga alijua. Siku ya birika alijua. Kila mara yule aliyekaa kulia alipopiga, kipande kingine cha dunia ya Chiriku kilizimika, kikianzia juu. Angeweza kuacha. Alijiambia leo ya mwisho, na kesho yake akajiambia hivyo hivyo, maana usaili ulikuwa unakaribia na mwalimu alikuwa ameanza kumtazama yeye, Nanga, kwa jicho la kufikiri.

Mpaka jioni ile ya mazoezi ya pamoja. Baba na mama walikuwa wamekaa nyuma kwenye viti. Chiriku alikaa nafasi yake, amekonda, akaweka mikono tayari, kisha akageuka kwa dada yake akanong'ona:

"Dada, sogea kidogo. Unanibana."

Nanga alikuwa amekaa kwenye ncha ya benchi, nusu ya paja iko hewani. Kati yake na mdogo wake palikuwa na nafasi ya mtu mzima.

"Dada, sogea basi, nitaanguka," Chiriku alisema tena, na kweli bega lake lilikuwa likisukumwa, nguo ya begani imekunjamana na hakuna mkono, na harufu ya sufu mbichi ikajaa chumbani hata baba akainua pua, na meno ya kulia yakaanza kushuka yenyewe mbele ya vidole vya mtoto, taratibu, moja baada ya jingine, yakiucheza wimbo wake kabla yeye hajaufikia, na Chiriku akiyatazama tu, akiyatazama kama mtu anayeona wengine wakila chakula chake, kwa sababu hakusikia hata sauti moja. Mama alipiga yowe la jina lake. Chiriku hakugeuka. Sauti ya mama ilikuwa nyembamba.

Baba ndiye aliyembeba kumtoa nje. Ilibidi amsemeshe kwa sauti ya chini kabisa ya kifua ndipo amsikie.

Mganga aliletwa kesho yake kabla ya jua kuchwa. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye pumu na haraka. Aliinusa piano, akalipapasa benchi, akaondoa mkono kama aliyegusa sufuria jikoni.

"Huyu jini hakuvunja mlango," alisema. "Amekaribishwa. Amepewa kiti kwa maneno ya mdomo. Nani kampa?"

Baba akamtazama mama, mama akamtazama Chiriku, Chiriku akatazama midomo ya watu.

"Mimi naweza kufukiza mpaka mwaka ukatike," mganga akasema, "hatasimama. Aliyemkalisha ndiye atamsimamisha. Na mtoto akishazimika sauti zote, hazirudi tena. Bado ngapi, sijui."

"Ni mimi," Nanga alisema. Kisha, kwa kuwa mdogo wake alikuwa hajamsikia, ilimbidi aseme tena kwa sauti nzito, akimtazama machoni: "Chiriku, ni mimi. Nilikuonea kijicho. Niliitupa skafu yako."

Mama alijifunika uso kwa upande wa khanga.

Mganga alimwingiza Nanga chumbani peke yake, akasimama mlangoni na chetezo chake. Nanga alifungua benchi, akaitoa skafu, na ilikuwa imelowa chapachapa na ina joto la mwili. Alikaa kushoto. Akapiga nusu yake, kama mganga alivyomwelekeza, na yule akaitikia upande wa kulia, vizuri, vizuri kuliko siku zote, vizuri hata machozi yakamtoka Nanga kwa uzuri wenyewe, na alipofika pale pa kunyamaza akainua skafu kwa mikono miwili, na sauti ya mtoto aliyefinywa koo ikamjia sikioni, ikiambatana na pumzi ya sufu mbichi, ikibembeleza, ikilia, ikizidi kumsogelea mpaka shavu lake likahisi shavu jingine:

"Dada, unanifukuza mimi? Mimi nisiyekupita? Yule akienda atarudi mkubwa kuliko wewe, watu watakuuliza habari zake mpaka unazeeka, nani atakuuliza zako, dada, nani, niache nikae, nimebakiza kidogo tu, dada, kidogo tu nammaliza..."

Na msiba ni kwamba kila neno lilikuwa la kwake. Aliyasema yote mwenyewe, kitandani, usiku mwingi, kabla ya jini yeyote.

"Kiti hiki ni cha mdogo wangu," Nanga alisema. "Ondoka."

Akaitandika skafu.

Nyaya zote zikalia kwa pamoja kana kwamba mtu ameanguka juu yake. Dirisha likafunguka lenyewe, pazia likavutwa nje, harufu ikakatika. Ukumbini Chiriku alishika masikio yake akapiga kelele, "Mama! Ndege! Mama, nawasikia!" Na mama akaanza kulia, na Chiriku akacheka, kwa sababu alimsikia mama akilia.

Wakati wa kuondoka, mganga alimvuta Nanga kando.

"Nimemtoa kitini," alisema, akipigania pumzi. "Moyoni mwako mimi sina ruhusa ya kuingia. Huko ujisafishe mwenyewe. Anajua njia."

Chiriku alifaulu usaili. Alimsamehe dada yake, au alisema amemsamehe, na siku ya safari alimkumbatia muda mrefu. Skafu aliiacha. "Inishikie nafasi," alisema. Nanga alibaki nyumbani, akafundisha watoto wa mtaa, na kila alipokaa kushoto alihakikisha ile njano iko kulia. Wazazi wa wanafunzi walipenda kumuuliza, "Na mdogo wako, hajambo? Tumesikia anang'ara huko." "Hajambo, anang'ara," Nanga alijibu, na aliomba Mungu amwondolee ule uchungu, na siku nyingine aliona kama umepungua.

Simu ililia alasiri moja ya Jumapili, yeye yuko kwenye piano.

"Dada! Kaa chini kwanza!" Chiriku alikuwa anahema. "Wamenichagua mimi! Nitapiga peke yangu, mbele ya ukumbi mzima, wanamuziki sitini nyuma yangu! Hawajawahi kumpa mtu wa mwaka wa kwanza! Dada, unanisikia?"

"Nakusikia. Hongera, mdogo wangu," Nanga alisema. "Hongera sana."

Ulimi ulisema vizuri. Ni moyo uliochomwa, papo hapo, pale pale pa zamani, kabla hajauzuia. Sitini nyuma yake. Na mimi hapa na watoto wenye makamasi.

Akanusa sufu.

Hakutaka kugeuka, akageuka. Ile skafu ya njano ilikuwa imetandikwa vizuri mahali pake. Katikati ilianza kubonyea polepole, kitambaa kikikaza pande zote, kama kinavyokaza mtu anapokaa juu yake bila haraka. Ubao wa benchi ukalia. Ncha ya kushoto, aliyokaa yeye, ikainuka kidogo.

"Hapana," Nanga alinong'ona. "Hapana, hapana, nimefurahi. Wallahi nimefurahi. Chiriku, nimefurahi!"

Simuni mdogo wake akauliza, kwa woga wa mtu anayekumbuka kitu:

"Dada? Hebu sema kwa sauti nzito kidogo. Sikusikii."